Kwa Nini Watu Hununua Ghali na Kuuza Rahisi?

Katika somo la Biashara tumefundishwa kuwa mfanyabiashara hununua kwa bei ndogo na kuuza kwa bei kubwa. Hata mtoto mdogo ajua hayo. Basi mbona wengi wanaonunua sarafu za kidijiti hufanya kinyume? Nimeona vema niwaeleze wenzangu niliyojifunza, kwani jambo hili lilifika hadi nyumbani kwetu.

Sarafu iliyo mashuhuri kupita zote ni Bitcoin, iliyoanza Januari 2009. Haitolewi na benki kuu ya nchi yoyote. Hesabu zake hutunzwa na kompyuta nyingi duniani, na idadi yake haitazidi milioni 21. Shamba hutoa mavuno na nyumba hutoa kodi, lakini sarafu hii haitoi kitu. Bei yake ni kile tu ambacho watu wako tayari kukilipa siku ile. Matumaini yakizidi, hupanda. Hofu ikiingia, huporomoka. Novemba 2021 Bitcoin moja ilifika karibu dola 69,000. Novemba 2022 ilishuka chini ya dola 16,000.

Kaka yangu alinunua Novemba ile ya 2021. Alikuwa ameweka shilingi laki tisa za kununulia mabati ya nyumba ya mama. Rafiki zake walionyeshana faida katika simu, naye akaogopa kuachwa nyuma. Masika ya 2022 yalipokaribia, bei ilikuwa imeshuka, naye akakataa kuuza, akisema itarudi. Juni, baada ya kukosa usingizi siku nyingi, aliuza zote. Zikarudi pungufu ya laki tatu.

Tusimcheke, maana hakuwa peke yake. Watafiti wa benki inayohudumia benki kuu za dunia, iliyoko Basel, Uswisi, walichunguza nchi 95 tangu 2015 hadi 2022. Waliona kuwa watu huingia kwa wingi bei inapopanda, na ya kuwa yamkini robo tatu hivi ya walioingia walipata hasara. Tena mwaka 1979 mabingwa wawili, Daniel Kahneman na Amos Tversky, walieleza kuwa uchungu wa kupoteza huzidi furaha ya kupata kiasi kile kile. Ndiyo sababu mtu hukawia kuikubali hasara ndogo, mpaka imekuwa kubwa.

Hesabu nayo haina huruma. Kitu cha shilingi 100 kikishuka kwa asilimia 50, hubaki 50. Kikipanda tena kwa asilimia 50, hufika 75 tu. Ili kirudi 100, hapana budi kipande kwa asilimia 100.

Mtu aweza kuniambia, "Kaka yako angalivumilia!" Ni kweli kwamba Machi 2024 Bitcoin ilipita kilele cha 2021, na Desemba 2024 ikapita dola 100,000. Lakini itazameni sarafu nyingine, iitwayo Luna. Mwanzoni mwa Mei 2022 iliuzwa zaidi ya dola 80, na kufikia tarehe 13 ilikuwa chini ya senti moja. Waliovumilia huko walivumilia bure.

Basi naona kosa la kaka halikuwa kuuza, wala kungoja. Kosa lilitangulia kununua. Fedha za mabati zilikuwa na siku zake, kwa kuwa masika hayamngoji mtu, na fedha zenye siku haziwezi kulisubiri soko lisilo na siku. Kwa masika mawili mama yetu aliamka usiku kuweka sufuria chini ya matone, mpaka kaka alipokusanya fedha nyingine, nyumba ikaezekwa Agosti 2023.

Wenzangu, tutakapoanza kupata mishahara tutaitwa na wengi tuwafuate. Kabla ya kutoa fedha tujiulize mambo matatu: Je, fedha hizi zina kazi nyingine? Je, nakielewa ninachokinunua? Je, zikipotea zote, nani atalala njaa au kunyeshewa? Majibu tuyaandike mapema, moyo ungali umetulia.

Kaka mwenyewe ameniruhusu niyaeleze haya. Alisema mabati yake yakiwafunza wengine, hayakupotea yote.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne