Jicho la Mbwa Huishi kwa Machozi

Karibu kila sehemu ya mwili wa mbwa hulishwa na damu moja kwa moja. Konea hailishwi hivyo. Huu ndio utando angavu unaofunika mboni. Una unene wa kama nusu milimita, na ukiwa mzima hauna hata mshipa mmoja wa damu. Mishipa ingezuia mwanga, na mbwa asingeona vizuri.

Lakini konea ni hai, na kilicho hai kinahitaji chakula na hewa. Sukari inaipata hasa kutoka kwenye majimaji yaliyo nyuma yake, ndani ya jicho. Oksijeni hutoka hasa nje, nayo haiifikii mpaka iyeyuke kwanza kwenye machozi. Ndiyo maana machozi hutengenezwa usiku na mchana, hata mbwa akiwa na raha zake.

Machozi yenyewe si maji matupu. Chini kabisa kuna ute unaoyashikiza kwenye konea. Juu kuna mafuta yanayotoka kwenye kingo za kope, yakitanda kama mafuta juu ya mchuzi ili maji yaliyo katikati yasikauke upesi. Maji hayo hutoka kwenye tezi mbili: moja iko juu ya jicho, nyingine iko kwenye kope ya tatu, ile inayochungulia pembeni karibu na pua. Tezi hii ya pili ikichomoza na kuwa kinundu chekundu, usikubali ikatwe ovyo. Hutoa sehemu kubwa ya machozi, na daktari anaweza kuirudisha mahali pake.

Mchana, mwelekeze mbwa dirishani utazame taswira ya dirisha kwenye jicho lake. Kingo zake zikionekana zimenyooka na kung'aa, uso wa konea ni laini na umelowa. Zikionekana zimevunjikavunjika, jicho limefifia, na tongotongo nzito za manjano zinarudi saa chache tu baada ya kupanguswa, huenda jicho ni kavu. Wengi hudhani limezidiwa na maji, kumbe ute umebaki bila maji ya kuusafisha. Daktari wa mifugo hupima kwa kipande cha karatasi kinachochomekwa ndani ya kope ya chini kwa dakika moja. Machozi yakilowesha milimita 15 au zaidi, ni kawaida. Yasipofika 10, kuna ukavu. Mara nyingi kinga ya mwili ndiyo inayoshambulia tezi, na matone ya saiklosporini huhitajika maisha yote.

Tongotongo kidogo za kahawia asubuhi hazina neno. Chemsha nusu lita ya maji, tia chumvi kasoro kidogo ya kijiko cha chai (gramu 4.5), acha yapoe. Kiasi hicho kinakaribia chumvi ya mwilini, kwa hiyo hakiwashi. Lowesha kitambaa safi, lainisha ukoko kwanza, kisha pangusa kutoka pembe ya pua kwenda nje bila kugusa mboni. Kila jicho na kitambaa chake. Pamba ina nyuzi zinazonasa, afadhali uiache.

Kwa wanaoishi penye swila, sheria ni nyingine. Mbwa akitemewa sumu machoni, usitafute chumvi wala maziwa. Mwagia maji safi yoyote yaliyo karibu, mengi, kwa dakika 15 au zaidi, kisha mkimbize kwa daktari. Sumu hiyo huunguza konea.

Hatari ninayoiogopa zaidi imo kabatini: tyubu ya dawa ya macho iliyobaki kwa mtu au kwa mbwa mwingine. Soma maandishi yake. Ukiona deksamethasoni, haidrokotisoni au betamethasoni, irudishe. Dawa hizi hupunguza wekundu, na kwa sababu hiyo humdanganya mwenye mbwa. Konea ikiwa na kidonda, huchelewesha kupona, na kidonda kinaweza kuchimba hadi jicho litoboke. Kidonda kidogo hakionekani kwa macho matupu. Daktari hudondosha rangi isiyoshika kwenye konea isiyo na kidonda. Penye kidonda hushika na kung'aa kijani chini ya mwanga wa buluu.

Kwa hiyo mbwa akifumba jicho moja, akilikuna kwa mguu, au konea ikigeuka kuwa na ukungu wa buluu, usimtibu mwenyewe. Mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo.