SOMO LA ROBO HII: UA LA MPARACHICHI HUFUNGUKA MARA MBILI



Wakulima wa parachichi hapa Nkunga huuliza: "Mti umejaa maua, mbona matunda ni machache?" Kabla kamati haijapanga fedha za miche, ni vema tulielewe ua lenyewe.

1. Sehemu za ua
Ua la mparachichi lina stameni, zitoazo chavua (unga wa kiume), na pistili, yaani sehemu ya kike yenye ovari. Chavua ikitua juu ya pistili huota, hushuka hadi ndani ya ovari na kurutubisha yai. Ndipo ovari hukua kuwa tunda, na ndani yake mbegu.

2. Zamu za ua
Sehemu hizo hazifanyi kazi pamoja. Ua hufunguka siku ya kwanza likiwa la kike, hufunga, kisha siku ya pili hufunguka likiwa la kiume. Hass huwa ya kike asubuhi, na ya kiume alasiri ya kesho yake. Fuerte huwa ya kike alasiri, na ya kiume asubuhi ya kesho yake. Hivyo asubuhi Fuerte huipa Hass chavua, na alasiri Hass huipa Fuerte. Baridi huweza kuvuruga saa hizi, ndiyo maana Hass peke yake nayo huzaa. Lakini mchanganyiko huongeza uhakika.

3. Mbebaji
Chavua hii hunata, wala upepo hauibebi vizuri. Kazi hiyo ni ya wadudu, hasa nyuki. Hata wakiwapo, chini ya ua moja kati ya 100 hufikia kuvunwa. Maua mengi kupukutika si ugonjwa.

4. Mbegu au kubebesha?
Mbegu hurithi kwa wazazi wawili, hivyo mbegu ya Hass haitoi Hass halisi. Miti yote ya Hass duniani imetokana na vikonyo vya mti mmoja wa Rudolph Hass wa California, aliyeusajili mwaka 1935. Tena mche wa kubebesha huanza kuzaa baada ya miaka 3 hadi 4, mapema kuliko wa mbegu.

Mambo ya kuzingatia
- Pandeni Fuerte michache katikati ya Hass.
- Msikate miparachichi yote ya kienyeji. Huenda ndiyo inayotoa chavua.
- Msipulizie dawa ya wadudu wakati wa maua. Ikilazimu, iwe jioni nyuki wakisharudi mzingani.
- Bajeti ya miche iwe na mizinga. Mti usiofikiwa na nyuki unaweza kula samadi, jasho na miaka 4 ya kungoja, ukaleta kikapu kimoja.

Maswali ya kujadili
1. Nani katika mtaa wetu ana mizinga, na iko umbali gani na mashamba?
2. Majirani hupulizia dawa saa ngapi, na nani atazungumza nao kabla ya msimu wa maua?