KABLA HUJAINGIA PORINI: SOMO LA SUMU YA NYOKA

Likizo ikifika wengi wetu hupanda matatu na kurudi mashambani. Kuna wa Baringo, kuna wa Kitui, kuna wa Samburu na wa Tana River. Huko kazi ni nyingi, na nyingi ni za porini. Kweli, uwindaji wa wanyama wa pori ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka wa 1977, lakini pori lenyewe hatujaliacha. Tunachunga mbuzi, tunarina asali, tunaokota kuni, tunamfuata ng'ombe aliyepotea mpaka giza linaingia. Naye nyoka, mwenyeji wa huko, hajahama.

Makala hii haikusudii kumtia mtu hofu. Inataka kusema jambo moja tu: anayeumwa na nyoka mbali na hospitali huokolewa na mipango iliyofanywa kabla ya kuondoka nyumbani. Wahenga walinena, tahadhari kabla ya hatari.

Na jambo lenyewe si dogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka duniani kutokana na sumu ya nyoka. Wanaobaki na ulemavu wa kudumu ni kama mara tatu ya hao. Aghalabu ni wakulima, wachungaji na watoto, yaani watu kama sisi. Mwaka wa 2017 shirika hilo liliitia shida hii katika orodha ya magonjwa ya nchi za joto yaliyopuuzwa.

NI NYOKA GANI HAO?

Nyoka wengi hawana sumu ya kumdhuru mtu. Hata hivyo, kuna watatu ambao kila mchungaji anapaswa kuwajua.

Wa kwanza ni kifutu, ambaye wengine humwita bafe. Ni mfupi, mnene na mzito, na rangi yake hufanana na majani makavu. Huyu akisikia miguu hakimbii. Hulala pale pale njiani mpaka akanyagwe. Sumu yake huharibu nyama: mguu hufura, huuma sana, hutoa malengelenge, na nyama inaweza kuoza.

Wa pili ni koboko, yaani yule nyoka aitwaye mamba mweusi. Ni mrefu, mwembamba na mwenye mbio. Mwili wake ni wa kijivu. Weusi wenyewe umo ndani ya kinywa. Sumu yake hushambulia mishipa ya fahamu. Kope hulegea, ulimi huwa mzito, kumeza hushindikana, na mwisho pumzi hukatika. Hapa hakuna muda wa kupoteza.

Wa tatu ni swila, hasa yule atemaye sumu. Yeye hulenga macho. Ikikuingia, usifikiche. Osha papo hapo kwa maji mengi, kisha nenda hospitali. Aina moja kubwa ya swila huyu, inayopatikana hapa Kenya, ilitambuliwa na wanasayansi kuwa aina ya pekee mwaka wa 2007. Ilipewa jina la James Ashe, aliyeanzisha kituo cha nyoka cha Bio-Ken kule Watamu.

DAWA IKO WAPI?

Dawa ya kupinga sumu ya nyoka hutengenezwa kwa kumdunga farasi sumu kidogo kidogo, mpaka damu yake ijitengenezee kinga. Kinga hiyo huchujwa ikawa dawa. Ujuzi huu ulianza Ufaransa katika miaka ya 1890. Lakini kuna mambo mawili ya kuzingatia. Kwanza, dawa lazima ilingane na nyoka: iliyotengenezwa kwa sumu ya nyoka wa Bara Hindi haiwezi kutegemewa kwa nyoka wetu. Pili, dawa yenyewe inaweza kuushtua mwili vibaya, kwa hivyo hutolewa na wataalamu walio tayari kwa hatari hiyo. Basi huwezi kuitia mfukoni ukaenda nayo malishoni. Na si kila zahanati inayo.

Utasikia mtu akisema, "Aa, wacha! Jirani yetu aliwekewa jiwe jeusi na akapona." Huenda alipona kweli. Lakini nyoka wengi hawana sumu kali, na hata mwenye sumu huweza kuuma bila kuimwaga. Jiwe basi husifiwa kwa kazi ambalo halikuifanya. Siku akiuma koboko, wakati mnangoja jiwe lianguke, mgonjwa anakatika pumzi.

KABLA YA KUONDOKA

1. Uliza ni hospitali gani iliyo na dawa ya sumu ya nyoka. Uliza kila likizo, kwa sababu dawa huisha.
2. Patana mapema na mtu wa boda boda au mwenye gari. Andika nambari yake na ya hospitali kwenye karatasi, maana simu huzima.
3. Mwambie mtu wa nyumbani unakokwenda na saa ya kurudi. Usiende peke yako. Jua ni kilima gani simu hushika.
4. Vaa viatu vinavyofunika kifundo cha mguu. Beba fimbo, tochi, filimbi, maji na leso mbili.
5. Usitie mkono shimoni, chini ya jiwe au ndani ya mzinga mkuukuu kabla ya kuangalia. Usitembee usiku bila taa.

MWENZAKO AKIUMWA

Mwondoeni hapo, lakini msimfukuze nyoka wala msimbebe. Tazameni saa. Vueni pete, bangili, shanga na viatu kabla mguu haujafura. Fungeni kijiti kilichonyooka kando ya mguu kwa leso, bila kukaza, ili usitikisike. Mgonjwa asitembee, abebwe. Akitapika au akilegea, mlazeni kwa ubavu wa kushoto. Kwenye boda boda akae katikati, msaidizi amshike kutoka nyuma.

Msimchanje. Msinyonye jeraha. Msifunge kamba ya kuzuia damu. Msimpe pombe, wala aspirini, kwa maana aspirini huzidisha kutoka damu.

Njiani, pigeni simu. Si lazima maneno mengi:

"Habari yako, sista. Tuna kijana ameumwa na nyoka mguuni, saa nane na dakika kumi. Mguu unafura."

"Anapumua vizuri? Anaongea?"

"Ndiyo, anaongea sawa sawa. Kope hazijalegea. Dawa ya sumu ya nyoka mnayo hapo?"

"Iko. Msimfunge kamba. Mleteni moja kwa moja, msipitie kwingine."

Kama dawa haipo, ulizeni ilipo kabla hamjamaliza petroli bure. Lakini anayeshindwa kupumua apelekwe kituo cha afya kilicho karibu zaidi, asaidiwe pumzi kwanza.

Ndugu mwanafunzi, mambo haya yote hayagharimu zaidi ya karatasi, kalamu na simu moja. Jioni ya kwanza ya likizo, kabla hujaulizwa matokeo ya mtihani, keti na wazazi wako mjibu maswali matatu: Dawa iko wapi? Tutafika kwa nini? Nani anajua tuliko? Familia iliyo na majibu hayo imeshatembea nusu ya njia ya hospitali.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini dawa ya kupinga sumu haifai kubebwa malishoni?
2. Eleza tofauti ya dalili za sumu ya kifutu na za koboko.
3. Kwa nini watu huamini jiwe jeusi? Toa sababu mbili.
4. Andika, kwa mistari sita, mazungumzo ya simu kati yako na muuguzi baada ya ndugu yako kuumwa na nyoka.