Kabla ya kulipa karo ya chuo cha ufundi, uliza kijana ataandaliwa vipi kwa kazi

Pita kwenye barabara ya Garissa mjini Thika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, au kando ya viwanda vya Ruiru, utawaona. Vijana wamesimama langoni, bahasha ya kaki mkononi, wakingoja msimamizi atoke aseme leo anahitaji watu wangapi. Wengi wamesoma. Ndani ya bahasha mna cheti cha ushonaji, cha umeme, cha mekanika. Msimamizi hutupia karatasi jicho moja tu, kisha humtazama mwenye karatasi kwa muda mrefu zaidi. Amefika saa ngapi? Amevaa viatu gani? Akielezwa kazi, anasikiliza hadi mwisho au anaitikia tu?

Kijana akirudi nyumbani bila kazi, mzazi husema hana bahati. Mara nyingine kazi zenyewe hazipo, na makala haya hayatadai vinginevyo. Lakini kuna sehemu ambayo haihusiani na bahati. Mambo yale ambayo msimamizi anayatafuta langoni yameandikwa katika mitaala ya vyuo vya ufundi nchini. Kijana anapaswa kuyafundishwa, kuyafanyia mazoezi na kupimwa kabla ya kukabidhiwa cheti kamili. Ni sehemu ya kozi uliyolipia, na ni sehemu ya kozi ambayo fedha za umma zimelipia.

Nani anasimamia nini

Katiba ya 2010, katika Ratiba ya Nne, iliziachia kaunti vyuo vile tulivyozoea kuviita politekniki za vijiji, ambavyo siku hizi vina bango la VTC langoni. Vyuo vikubwa kama Thika Technical viko chini ya serikali ya kitaifa. Kuanzia mwaka wa fedha wa 2017/2018, serikali ya kitaifa ilianza kutuma kwa kaunti ruzuku ya VTC iliyokadiriwa kwa shilingi 15,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Mwajiri naye huchangia: sheria ya mafunzo ya viwandani inamtaka alipe NITA ada ya shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi. Kwa hiyo hata ambaye hana mtoto chuoni ana haki ya kuuliza kinachofundishwa.

Sheria ya TVET ya mwaka wa 2013 iligawa usimamizi. Mamlaka ya TVETA ndiyo hutoa leseni kwa kituo na kusajili wakufunzi, na kuendesha kituo bila leseni ni kosa la jinai. Baraza la TVET CDACC hushughulikia mitaala ya umilisi, tathmini na vyeti. NITA ina njia yake, ile ya mitihani ya gredi, ambayo nitaifikia baadaye.

Kuna cheti, na kuna cheti

Hapa ndipo wazazi wengi hupotea, kwa hivyo twende polepole.

Chini ya mtaala wa umilisi, kozi hugawanywa kwa vitengo. Kuna vitengo vya ufundi wenyewe, tuseme kuunganisha nyaya za nyumba. Kuna vitengo vinavyotumiwa na fani zinazokaribiana. Halafu kuna vitengo vya msingi, na hivi ndivyo vinavyomwandaa kijana kwa kazi: mawasiliano, hesabu za kazini, matumizi ya kompyuta na simu, ujasiriamali, mwenendo wa kazi, utunzaji wa mazingira, na usalama na afya kazini. Orodha hutofautiana kutoka kozi moja hadi nyingine na mtaala unapofanyiwa marekebisho, ndiyo maana ni vizuri kuomba kuiona ile ya kozi unayolipia.

Sasa sikiliza kanuni yenyewe. Ili mtahiniwa apewe cheti cha kitaifa cha kiwango fulani, lazima afikie umilisi katika vitengo vyote vya kiwango hicho. Akifaulu baadhi tu, anaweza kupewa cheti cha vitengo hivyo, lakini si kile kamili.

Tuseme kuna msichana wa Kiandutu anayesomea ushonaji. Mikono yake ni mizuri kuliko ya mwalimu. Kituo chake kinafundisha cherehani kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, na somo la mawasiliano ni ukurasa wa kunakili ubaoni wiki moja kabla ya tathmini. Mtathmini akija, hataki ukurasa. Anataka kuona faili la ushahidi, lile wanafunzi huita potifolio, lenye kazi alizofanya tangu mwanzo. Anataka kumwona akimhudumia mteja na kumsikia akieleza kwa nini kipimo hiki na si kile. Msichana anaambiwa bado hajafikia umilisi katika kitengo hicho. Anaondoka na sehemu ya cheti, ilhali karo ilikuwa ya cheti kizima. Aliyekosea si yeye.

Kinachofundishwa hasa

Watu wakisikia mawasiliano hudhani ni Kiingereza cha kupitia puani. Hapana. Katika karakana ya kuchomelea vyuma, mawasiliano ni kupokea maagizo, kuyarudia kwa maneno yako ili aliyeagiza ajue umeelewa, na kumwambia mkubwa mapema kwamba umeharibu bati badala ya kulificha nyuma ya kabati. Mimi nilihitimu shahada ya uandishi wa habari, somo ambalo ni mawasiliano matupu, na wiki yangu ya kwanza kazini sikujua namna ya kumwandikia mkubwa kwamba nitachelewa. Nilinyamaza, nikachelewa. Sikupewa nafasi ya pili ya kufanya hivyo.

Hesabu nazo. Si zile za kutafuta x. Fundi anakata sketi ya shule: kitambaa shilingi 450, zipu na uzi 80, kodi ya kibanda na stima kwa siku hiyo 100. Anaiuza 600, anashukuru Mungu kwa wateja wengi. Kwa sketi hiyo amepoteza shilingi 30, na sketi ilimchukua saa mbili. Kijana aliyefundishwa kitengo cha hesabu na cha ujasiriamali angeona hilo kwenye karatasi kabla ya kuligundua mwisho wa mwezi.

Usalama kazini ndicho kitengo ambacho mimi ningekipa muda mrefu zaidi, hasa katika miji ya viwanda kama yetu. Sheria ya usalama na afya kazini ya 2007 inampa mwajiri wajibu wa kuweka mahali salama, na inampa mfanyakazi wajibu wa kutumia vifaa alivyopewa na kutohatarisha wenzake. Kijana asiyejua nusu ya kwanza ya sheria hiyo ataogopa kuomba miwani ya kuchomelea. Asiyejua nusu ya pili ataipokea na kuivaa kichwani kama pambo. Sheria ya fidia kwa majeraha ya kazini, ya mwaka huohuo, inamhesabu hata mwanagenzi kuwa mfanyakazi. Ni vijana wangapi wanaokwenda mafunzo ya kazini wakiwa wameambiwa hivyo?

Mazingira huonekana kama somo la kujaza ratiba, hadi utembee nyuma ya gereji uone oili chafu ikiteremka mtaroni kuelekea mto Chania au mto Ruiru.

Mafunzo ndani ya kazi yenyewe

Darasa lina mwisho wake. Kushika saa ya kiwanda hujifunzwa kiwandani, ndiyo maana mtaala wa umilisi unahesabu mafunzo ya kazini, ile atachimenti, kama sehemu ya kozi. Mwanafunzi huenda na kitabu cha kumbukumbu, msimamizi wa kiwanda hukitia sahihi, na mkufunzi wa chuo anatakiwa kumtembelea aone anafanya nini. Akiwa amekaa miezi mitatu akichemsha chai na kufagia ofisi, kitabu kitaonyesha. Au kinapaswa kuonyesha.

Wazo hili la kufunga pamoja darasa na kazi lilijaribiwa mapema huko Chile, kwa mradi wa Chile Joven ulioanza mwaka wa 1991. Serikali haikumpa kituo kandarasi kwa sababu kina madawati. Kituo kilichotaka fedha za umma kilitakiwa kionyeshe waajiri waliokubali kuwapokea vijana baada ya darasa. Mimi naona hiyo ndiyo hoja kubwa katika jambo zima: kinachomfanya mkufunzi afundishe kitakiwacho kazini ni kujua kwamba lazima azungumze na mwajiri kabla ya kozi kuanza.

Kenya ilifuata njia hiyo kwa mradi wa KYEP ulioanza mwaka wa 2010 jijini Nairobi, Mombasa na Kisumu, serikali ikishirikiana na KEPSA, muungano wa sekta ya kibinafsi: miezi mitatu ya mafunzo, miezi mitatu kazini. Kisha ukaja KYEOP, kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 150, na hapo Kiambu ikawa miongoni mwa kaunti 17. Vijana wa umri wa miaka 18 hadi 29 ambao hawakuwa wamepita kidato cha nne walianza kwa stadi za maisha, wakaenda kwa vituo au kwa mafundi wa jua kali, na kupewa posho ya shilingi 6,000 kwa mwezi ya nauli na chakula. Stadi za maisha zilitangulia kwa makusudi. Fundi wa jua kali Makongeni hana muda wa kumfundisha kijana kuamka. Mradi wa sasa wa NYOTA umepanuliwa hadi kaunti zote 47.

Njia ya NITA inamfaa pia yule aliyejifunza kando ya barabara bila kuingia chuoni. Anaweza kujisajili kwa mtihani wa gredi katika fani yake, kuanzia gredi ya tatu kwenda juu. Asijidanganye kwamba hapo ni spana tu. Kuna sehemu ya nadharia pamoja na ya vitendo.

Ukifika ofisini mwa chuo

Usianze na karo. Anza na leseni ya TVETA: iko wapi, na kozi unayoitaka imetajwa? Kituo kinaweza kuwa na leseni ya kituo na bado kikatangaza kozi ambayo hakijaidhinishwa kuifundisha. Uliza cheti kitatolewa na nani. Ukijibiwa "chetu wenyewe, kinatambulika", simama hapo hadi uambiwe kinatambuliwa na nani.

Halafu omba orodha ya vitengo vya kozi na kiwango hicho, na ratiba ya wiki. Ziweke pamoja kwenye meza. Tafuta mawasiliano, usalama na mwenendo wa kazi ndani ya ratiba: vina saa, vina mkufunzi mwenye jina? Kama viko kwenye orodha lakini haviko kwenye ratiba, umeshaona tatizo kabla ya kutoa shilingi.

Kuhusu atachimenti, uliza wanafunzi wa mwaka uliopita walikwenda wapi. Chuo kinachofanya kazi hii hutaja viwanda na gereji bila kufungua faili. Uliza pia bima ni ya nani. Kampuni nyingi hazimpokei mwanafunzi bila bima, na kugundua hivyo ukiwa langoni kunapoteza muhula.

Kama kuna mwanafunzi anayetoka darasani, mwombe, kwa heshima, akuonyeshe potifolio yake. Mkufunzi mzuri hatakasirika.

Neno moja kwa ambao tayari wamehitimu na wanazunguka na bahasha. Sheria ya Ajira ilirekebishwa mwaka wa 2022 ili mwajiri asimdai anayeomba kazi vyeti vya uidhinishaji, kama kile cha mwenendo mwema, kabla ya kunuia kumpa mkataba wa maandishi. Usikope pesa za kuvilipia kwa sababu tu bango la kazi limevitaja. Beba kitambulisho, cheti cha masomo na kitabu chako cha atachimenti chenye sahihi ya msimamizi. Hicho cha mwisho wengi hukiacha nyumbani, na ndicho kinachomwambia mwajiri kwamba kuna mtu aliyekuona ukifanya kazi.

Ikiwa mtoto wako yuko chuoni sasa na vitengo vya msingi havifundishwi, anza kwa mwalimu mkuu, kwa maandishi, na ubaki na nakala. Kwa VTC za kaunti, hatua inayofuata ni afisa wa mafunzo ya ufundi katika kaunti ndogo, Thika au Ruiru. Kwa kituo cha kibinafsi au chuo cha kitaifa, malalamiko huenda TVETA. Kokote uendako, nenda na jina kamili la kozi, kiwango chake, risiti za karo na ile ratiba. Bila kiwango, afisa hawezi kujua ni orodha gani ya vitengo ailinganishe nayo.