Kihamba na Hesabu ya Kujumlisha

Katika hesabu, mbili na mbili ni nne daima. Katika maumbile, kujumlisha peke yake hakutoshi kila mara, kwani vitu viwekwapo pamoja huathiriana. Kihamba cha Wachaga, kwenye miteremko ya Kilimanjaro juu ya mji wa Moshi, ni mfano ulio wazi.

Vihamba huenea kati ya mita 1,000 na 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari. Sehemu zake ni miti mirefu kama mruka, migomba, mibuni, magimbi, maharagwe, na mifugo zizini. Mruka na mgomba huukinga mbuni na jua kali. Maharagwe huurutubisha udongo kwa naitrojeni. Mashina ya migomba hulishwa ng'ombe, na samadi yake huirudia migomba.

Je, faida ya mahusiano hayo yaweza kupimwa? Ndiyo. Chukuliwe mfano wa kubuni. Hekta moja ya mibuni peke yake hutoa kilo 1,000 za kahawa, na hekta moja ya migomba peke yake kilo 10,000 za ndizi. Hekta moja yenye mazao yote mawili ikitoa kilo 700 za kahawa na kilo 6,000 za ndizi, basi:

700/1,000 + 6,000/10,000 = 0.7 + 0.6 = 1.3

Maana yake, mavuno hayo yangehitaji hekta 1.3 kama kila zao lingelimwa mbali. Jibu likiwa chini ya 1, mimea inanyang'anyana mwanga, maji na chakula, na mchanganyiko ni hasara. Kwa hiyo kitu kizima hakizidi sehemu zake sikuzote, hutegemea zilivyopangwa.

Kanuni hii huonekana pia katika kutoa. Bei ya kahawa iliposhuka mwanzoni mwa miaka ya 2000, baadhi ya wakulima waling'oa mibuni. Wengine walikata miti ya kivuli. Aliyekata mti alipata mbao mara moja. Lakini aliondoa pia kivuli, majani yanayooza kuwa mbolea, na mizizi inayoushika udongo wa mteremko. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) liliutambua mfumo wa kihamba wa Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu duniani. Kilichotambuliwa ni mfumo mzima, si zao moja.

Zoezi: Hekta moja ya mahindi peke yake hutoa kilo 2,000, na ya maharagwe peke yake kilo 800. Yakichanganywa katika hekta moja hupatikana kilo 1,400 za mahindi na kilo 200 za maharagwe. Je, kuchanganya huku kuna faida? Eleza sababu.