SOMO LA MWEZI: JIKO LA KUNI NA MTAMBO WA JOTO

Mwezi huu tujifunze kwa mwanafalsafa Albert Borgmann. Alizaliwa mwaka 1937 mjini Freiburg, Ujerumani, akahamia Marekani na kufundisha miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Montana. Alifariki mwaka 2023. Alikuwa Mkristo, Mkatoliki.

Mwaka 1984 alitoa kitabu juu ya teknolojia na maisha ya siku hizi. Mfano wake mmoja ni jiko la kuni katika nyumba za nchi za baridi. Jiko lile, anasema, halikutoa joto tu. Baba alipasua kuni, mama aliwasha moto asubuhi, watoto walijaza sanduku la kuni. Kila mmoja alikuwa na kazi yake, na jiko liliwakusanya wote. Kwa Kilatini jiko hilo huitwa focus, na Borgmann alilichukua neno hilo kwa kila kitu ambacho watu hukusanyika kukizunguka.

Kisha ikaja mitambo inayopeleka joto vyumba vyote. Unageuza kidude ukutani, basi. Joto ni lile lile, lakini halidai nguvu, wala ustadi, wala mtu wa pili. Kila mmoja anaweza kuingia chumbani mwake na kufunga mlango. Kifaa kimeondoa mzigo, na mahusiano yaliyofungwa ndani ya mzigo ule yameondoka nao. Hakuna aliyekaa akaamua yaondoke.

Najua akina mama watanicheka: "Mchungaji, wewe hujabeba kuni." Ni kweli. Mzigo kichwani na hofu ya njiani si jambo la kusifu, na aliyepata jiko linalokula kuni kidogo amshukuru Mungu. Borgmann naye hakusema watu watupe mitambo. Alitaka watu wawe na jambo wanalolilinda, na moja alilopenda kulitaja ni meza ya chakula: kupika wenyewe, kukaa, kula na kuongea pamoja. Jambo kama hilo halijilindi. Linahitaji saa yake, na watu waliokubaliana kulishika hata siku wasipojisikia.

Maswali ya vikundi: Nyumbani kwenu, wakati wa kula, simu inakaa wapi? Nani alipanga hivyo? Kama hakuna aliyepanga, ilianzaje?