Dakika Kumi za Sayansi Kila Asubuhi: Somo kwa Shule na Wazazi wa Segese

Na Kitengo cha Mawasiliano Serikalini

Siku ya mwalimu wa shule ya msingi ni fupi. Kuanzia Darasa la III kipindi kimoja ni dakika 40, masomo ni mengi na wanafunzi ni wengi. Hivyo majaribio ya sayansi huwa ya kwanza kuachwa, na mtoto hubaki kunakili ubaoni jambo ambalo angeweza kulipima kwa mikono yake.

Dawa si kuongeza kipindi, bali ni kuchagua kazi moja inayogusa masomo kadhaa. Tuchukue mfano wa kupima mvua.

Vifaa: kopo lenye kitako bapa na kuta zilizonyooka, pamoja na rula. Kopo liwekwe uwanjani, mbali na miti na paa. Kila asubuhi, kabla ya kipindi cha kwanza, kundi la wanafunzi watano lisome kina cha maji kwa milimita, liandike katika chati ya darasa, kisha limwage maji hayo. Kazi hii haizidi dakika kumi, na makundi yapokezane kila wiki.

Takwimu hizo zitumike katika vipindi vilivyopo. Milimita 1 ya mvua katika mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Paa lenye eneo la mita za mraba 63, likinyeshewa milimita 20, hupokea lita 1,260, sawa na ndoo 63 za lita 20. Hapo mwanafunzi amefanya Hisabati, amejifunza hali ya hewa, na ameanza kujiuliza: mfereji wa kukinga maji hayo ujengweje? Swali hilo ndilo uhandisi. Kwa shule ambayo watoto hubeba maji kutoka nyumbani, jibu lake lina manufaa ya kweli.

Tahadhari: wazazi wanaofanya kazi kwenye makarasha na mialo wasiruhusu zebaki ifike shuleni wala mikononi mwa watoto, hata kwa jaribio. Mvuke wake hauonekani wala haunuki, nao hudhuru ubongo na figo. Kuonesha jinsi kitu kizito kinavyotengana na chepesi, mchanga, misumari na beseni la maji vinatosha.

Mzazi, mpe mtoto kopo moja tupu. Jioni muulize: leo mmepima milimita ngapi?